Mshumaa, Ndimu na Kopo Lililoandikwa Mume

Mama mkwe wangu alikaa kwetu Harrow wiki sita, na ilipofika wiki ya nne akaamua kwamba mimi ni mchawi. Si mchawi wa kuruka na ungo, hapana, huyo angalau watu humwogopa. Aliniona mchawi mdogo mdogo wa nyumbani, yule anayempa mumewe limbwata mpaka mtu mzima na ndevu zake anageuka kondoo. Na kusema kweli, kwa aliyoyaona, hata mimi ningejishuku.

Nianze na kosa letu. Mimi na mume wangu tuna ugonjwa mmoja, kulenga shabaha. Hatuwindi, mimi sijawahi kuua hata njiwa. Tunalala kifudifudi kwenye nyasi za klabu moja nje ya London, tunatoboa karatasi iliyosimikwa mbali huko mbele, tunarudi nyumbani tumelowa na furaha tele. Yeye ndiye aliyeanza, alialikwa na mwenzake wa kazini kwenye maghala ya Hayes. Mimi nilimsindikiza siku moja na chupa ya chai na sambusa, siku ya wageni, mzee mmoja wa klabu akanikaribisha nijaribu kwa adabu tu, na tangu siku hiyo mume wangu hajawahi kunishinda. Hajawahi. Nalirudia kwa sababu mwenyewe huwa analisahau.

Kila mmoja ana kibali chake na bunduki yake, zote za risasi za kipimo kimoja, na zinalala kwenye kabati la chuma lililopigiliwa ukutani chumbani kwetu. Mama alipotangaza kwamba anakuja kutoka Tanga, mume wangu akanivuta pembeni.

"Mama asijue," akasema. "Ana presha. Akisikia kuna bunduki ndani ya nyumba atatuangukia hapa hapa."

Basi tukampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kabati likawa la mafaili ya kazi. Safari zetu za Jumapili zikawa semina. Askari aliyekuja kukagua kabati, maana kibali cha mume wangu kilikuwa kinakaribia kwisha, tukamtambulisha kuwa ni fundi wa boila. Mama akamkaribisha chai na mkate wa mayai, akamweleza kwa kirefu kwamba maji ya moto ya bafuni yanachelewa kuja. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Nikamwambia askari kwamba Mama anamshukuru sana kwa kuulinda mji huu.

Sasa, risasi ikishapigwa, kinachobaki ni ganda lake la shaba, na hilo halitupwi, linajazwa tena. Lakini baruti ikilipuka ndani, ganda linavimba mpaka linachukua umbo la chemba, lile tundu la bunduki lililolibeba, kama kiatu kinavyochukua umbo la mguu. Shingo yake inalegea, haishiki tena kichwa cha risasi. Kwa hiyo unachukua dai, kichuma kigumu chenye tundu, unalisukumia ganda humo na shingo inabanwa. Shingo tu. Tumbo na mabega unayaacha yalivyo, kwa sababu yameshaizoea chemba yake. Faida ni kwamba ganda linakaa sawasawa na risasi inakwenda unakoituma. Hasara ni kwamba ganda la bunduki hii halitakiwi tena na bunduki ile. Ndiyo maana tuna makopo mawili yaliyokuwa ya aiskrimu, moja nimeliandika MIMI na la pili MUME, kwa wino mweusi usiofutika.

Kufunga dai hiyo ni kazi ya subira, na mume wangu alizaliwa siku subira imekwenda likizo. Yeye huisokota mpaka igote chini, kisha anaongeza spana, kisha anashangaa. Mara ya mwisho aliyakunja maganda kumi na moja mabegani, akasema shaba ya siku hizi haina ubora. Nikampokonya kazi. Tangu hapo maganda yake nayabana mimi, na yeye anajaza fomu za klabu, kazi ambayo hata akikosea halipuki mtu.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Mume wangu yuko shifti, Mama amelala baada ya wali wa nazi. Nikaingia gereji nifunge dai upya. Taa ya gereji ilikuwa imeungua tangu Ramadhani na mume wangu alikuwa "anaishughulikia", kwa hiyo mwanga ulikuwa wa kidirisha tu. Nikashusha mkono wa mashine, kile kitako kinachoshika ganda kikapanda juu. Nikaisokota dai kwa vidole mpaka ikagusana nacho, halafu nikairudisha nyuma mpaka sarafu ya peni moja ikapita katikati. Nikawasha mshumaa. Hapo ndipo penyewe. Unazungusha shingo ya ganda juu ya ule moto mpaka ishike masizi, unalisukuma ganda ndani ya dai, unalitoa. Palipobanwa masizi yametoka, pasipoguswa bado ni peusi. Unasoma. Bado? Unaongeza robo ya mzunguko. Masizi tena, ndani, nje, unasoma. Unataka dai ifike karibu kabisa na bega bila kuligusa, kibaki kinafasi cha unene wa ukucha. Ukishafika hapo unakaza nati na unamweka mume wako mbali na spana.

Na mimi nikifanya kazi huwa naongea, sijui nimerithi kwa nani. Naongea na ganda. Likiwa la kopo lake naliita kwa cheo chake.

"Haya mume wangu, ingia. Taratibu. Eeh, hivyo hivyo."

Nilipogeuka nikamkuta Mama amesimama kwenye mlango unaotoka jikoni, kanga kichwani, macho yamemtoka. Akautazama mshumaa. Akavitazama vile vishaba vilivyopangwa mstari, kila kimoja kina shingo nyeusi, na kweli vinafanana na vidau vya wanja. Akalitazama kopo. Mama anasoma vizuri sana, hata bila miwani.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Kazi ya mikono tu, Mama."

"Kazi ya mikono," akarudia, na akarudi ndani kinyumenyume.

Mimi juha nikajipongeza. Nikasema moyoni, leo tumeponea chupuchupu, hakuona bunduki.

Kuanzia jioni ile mambo yakabadilika. Mama akaacha kula chakula changu. Alisema tumbo linamsumbua, lakini tumbo hilo hilo lilipokea vitumbua kumi alivyovipika mwenyewe. Akaanza kumpikia mwanawe peke yake. Nikimmiminia mume wangu chai, Mama anaichukua, anaimwaga kwenye sinki, anamimina nyingine. Asubuhi moja nikamkuta anampa glasi ya maji yenye kitu kinaelea, na lile jitu langu linakunywa bila kuuliza, kwa kuwa kwa mamaye halijawahi kuuliza. Akafukiza ubani nyumba nzima mpaka alamu ya moshi kwenye ujia ikapiga kelele. Mimi nikapanda kwenye kiti nikaipepea kwa taulo huku nikimsifu kwa harufu nzuri. Aliniangalia pale juu ya kiti kana kwamba hata kelele ile nimeileta mimi.

Mume wangu alinenepa. Hakuona tatizo lolote.

Jumamosi iliyofuata, siku moja kabla ya mashindano ya klabu, nikaingia gereji nimalizie maganda. Kopo la MIMI tupu. Kopo la MUME tupu, na maandishi yamesuguliwa kwa sufi ya chuma mpaka plastiki imechubuka. Juu ya meza kulikuwa na chujio langu la tambi, limejaa maganda yote, yake na yangu pamoja, yanang'aa kama mapambo ya bibi harusi. Yananuka ndimu. Lo! Kwao Tanga vyombo vya shaba husuguliwa kwa ndimu na chumvi, na kumbe, sikujua, kitu kilichotegwa na mchawi pia husafishwa kwa vitu hivyo hivyo. Nilikumbuka zile ndimu thelathini alizonunua Wembley. Nilidhani za achari.

Mia moja na themanini. Yote sura moja. Masizi yangu, alama zangu, vyote vimekwenda na maji.

Nikatoka mbio kumtafuta mume wangu. Alikuwa sebuleni anakula.

"Mama yako ameosha maganda."

Akaacha kutafuna. Namjua huyu mtu miaka ishirini na mbili. Akiacha kutafuna kuna jambo analijua.

"Sema."

"Usikasirike."

"Sema, baba watoto."

Akasema. Mama alimwita pembeni siku ile ile aliponiona na mshumaa, akamwambia mkeo anakufukizia vidau, amekufunga, na jina lako ameliandika kwenye kopo. Kisha akamwambia asiwe na hofu, yeye atamfungua.

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nilimwambia nitachunguza."

"Utachunguza?"

"Sasa ningesema nini? Ningesema si uchawi, ni risasi? Na presha yake?"

Jamani, nilikasirika. Sijawahi kukasirika hivyo tangu nizaliwe. Mwanamume anapima, upande huu mama yake ajue tuna bunduki, upande ule mke wake aitwe mchawi wiki nzima, na akaona afadhali mchawi! Na alikuwa anakula vitumbua muda wote huo! Na Mama alikuwa anaondoka Jumanne. Angetua na habari hiyo, shangazi wanne wangekuwa nayo kabla hajafungua mkoba, na Ijumaa ingekuwa imeshafika kila ua. Sisi tumenunua kiwanja huko, kimepakana na uani kwa Mama, tumepanga kuzeekea pale. Niende kuzeeka mahali ambapo nikimpa jirani mchuzi anaumwaga? Maji yalinifika shingoni.

"Kaa hapo hapo," nikamwambia. "Maliza kula."

Nikapanda juu, nikafungua kabati la "mafaili", nikatoa bunduki yangu tu, nikaikagua kuwa ni tupu, nikashuka nayo. Mama alikuwa jikoni anakuna nazi. Akaniona. Nikasubiri aanguke. Nilikuwa nimeshaandaa kiti.

"Hiyo bunduki," akasema, mkono haujasimama.

"Ndiyo, Mama. Ni yangu."

"Na mwanangu anayo?"

"Anayo. Lakini halengi vizuri."

"Babaye naye alikuwa hivyo hivyo," akasema. "Haya, unanipeleka wapi nayo?"

Presha! Wiki tano za semina na boila kwa ajili ya presha hiyo!

Nikampeleka gereji, nikamkalisha kwenye sanduku la vifaa, nikamwambia kila kitu. Nikawasha mshumaa mbele yake, nikapaka masizi, nikampa mkono wa mashine aushushe mwenyewe. Akaushusha. Nikamwonyesha shingo, pale masizi yalipotoka na pale yalipobaki. Akalishika ganda, akalisogeza karibu na jicho, akaingiza kidole kidogo.

"Umelibana shingoni tu."

"Shingoni tu, Mama. Kwingine sigusi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu limeshaizoea bunduki yake. Ya mume wangu... ya mwanao, chemba yake ni pana. Ganda likishapigwa humo, ukilileta kwangu bolti, hili komeo la nyuma, haifungi."

"Halikubali kwingine kabisa?"

"Halikubali."

"Na humpi kitu? Humnuizii? Humchanji?"

"Natia unga wa penseli shingoni ili lisikwame. Basi."

Mama akacheka. Alicheka mpaka kanga ikamteleza, akasema Astaghfirullah, amemnywesha mwanawe maji ya majani bure, na siku tatu hajatoka chooni vizuri. Na mimi nikacheka, maana hiyo ya chooni nilikuwa nimeiona ila sikujua chanzo. Nikadhani yamekwisha. Nikaanza kumweleza jinsi tutakavyoyatenganisha, yeye ananipa ganda, mimi nalitia kwenye bunduki yangu, bolti ikifunga ni langu, ikigoma ni la mwanawe.

Akaanza kunipa. Langu. Langu. La mwanao, Mama. Langu. Tulikuwa tumefika kama la ishirini nilipoona mkono wake umesimama hewani na ganda ndani yake.

"Nilifurahi," akasema.

"Nini, Mama?"

"Siku ile, nilipokuona na mshumaa. Mwanangu, sikufichi, nilifurahi. Miaka sita huyu hanipigii simu ila Idi mpaka Idi. Nikimpigia mimi, yuko kazini. Watu wananiuliza, hajambo mwanao? Nasema hajambo, nami sijui kama hajambo. Nikasema hii si bure, pana mkono wa mtu. Nikaja kukuangalia wewe. Wiki tatu nakuangalia, sioni kitu, unanipa chai, unaniita Mama, nikakata tamaa. Halafu nikaona vile vidau. Nikasema, alhamdulillahi, si yeye. Amefungwa. Nitamfungua na atarudi."

Akalitazama lile ganda.

"Sasa wewe unaniambia hakuna kitu. Basi amenisahau mwenyewe, kwa akili zake timamu."

Mume wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sahani. Alikuwa amekuja kuona kama mama yake ameanguka. Nilikuwa nimejiandaa kuchukiwa, na sikuwa nimejiandaa kumwonea mtu huruma kiasi kile. Na kusema ukweli, mimi nilikuwa na namba ya Mama kwenye simu yangu miaka yote hiyo.

"Mama," akasema.

"Njoo ukae," Mama akamwambia. "Yako ni mengi, na mkeo amechoka."

Akaja akaketi chini kwenye saruji, miguuni pake. Yeye akawa anaokota kwenye chujio, anampa Mama, Mama ananipa mimi. Mimi natia, bolti inaamua. Langu. La mwanao. La mwanao. Tulimaliza saa kumi na moja jioni na nazi jikoni ilikuwa imekauka.

Kwenye mashindano nilimshinda, hilo halina habari. Mama alikuja, akakaa kwenye kiti cha kukunja na blanketi, amezibwa masikio kwa vile vizibo vikubwa vya klabu juu ya kanga, na kila mume wangu akikosa alimtikisia kichwa. Jumanne tukampeleka uwanja wa ndege. Aliniomba ganda moja la kutilia wanja, nikamwambia, Mama, wakilikuta mkobani tutalala ndani wote watatu. Akanibusu huku na huku, akaninong'oneza kwamba wale shangazi atawaambia mke wa mwanawe ni fundi mashine.

Mimi sina imani na ahadi za mume wangu, nimeishi na ile taa ya gereji. Kwa hiyo niliishika simu yake nikaitegea alamu, kila Jumapili saa mbili asubuhi, nikaiandika MAMA kwa herufi kubwa. Ikilia, anapiga. Wiki ya kwanza, ya pili, miezi miwili, hakukosa. Na mimi na utundu wangu nikaanza kuwashwa. Ni yeye anayepiga au ni alamu? Jumapili moja, yeye yuko bafuni, nikaifuta.

Nikakaa jikoni nakaanga chapati, jicho liko saa ya ukutani. Saa mbili ikafika, kimya. Mume wangu yuko gereji anachokonoa kitu. Na dakika tano. Na dakika kumi. Nikauma ulimi nisimwite. Nilijisemea, akipita saa mbili na nusu nitampiga na mwiko, halafu nitapiga mimi, na Mama nitamwambia yuko shifti. Na robo. Nikasogea kwenye mlango wa gereji polepole, mwiko mkononi. Ndani taa inawaka, sijui aliibadilisha lini.

"Shikamoo, Mama," nikasikia. "Hapana, leo alamu haikulia. Sijui ina nini hii simu."

Nikarudi jikoni kwa ncha za vidole. Chapati ilikuwa imeungua upande mmoja. Niliila hivyo hivyo.